Unataka kwenda studio wakati wanarekodi kipindi cha vichekesho? Soma hapa kwanza

Watu wengi wakiangalia komedi kwenye TV wakasikia wale watu wanavyocheka nyuma wanadhani ni mashine tu. Kuna vipindi kweli vicheko vinabandikwa, jamaa mmoja wa Marekani, Charley Douglass, alitengeneza mashine ya vicheko miaka ya 1950 na stesheni zikaitumia miaka mingi tu. Lakini mpaka leo kuna komedi kibao zinarekodiwa mbele ya watu wa kweli, wamekaa kwenye viti pale pale studio, na hao ni watu wa kawaida kabisa walioomba tiketi wakapata. Kwaiyo na wewe unaweza kuwa mmoja wao, ila ni vizuri ukajua unaenda kwenye kitu gani, maana studio sio kama kumbi za kawaida za burudani, pale unaenda kuangalia na unaenda kufanya kazi. Kicheko chako kinarekodiwa, ni sehemu ya kipindi kama vile mistari ya waigizaji. Hilo ndo jambo la kwanza kulishika, mengine yote yanafuata hapo.

Kabla ya kuomba tiketi jua kwanza unaenda kwenye kipindi cha aina gani, maana masaa yanatofautiana sana. Kuna komedi za kuigizwa, zile za familia au za ofisini zenye seti ya sebule na jiko, kamera tatu nne zinachukua kwa pamoja. Staili hiyo ilishika kasi tangu waigizaji wa Marekani Lucille Ball na mumewe Desi Arnaz walipoanza kurekodi kipindi chao, I Love Lucy, mwaka 1951 kwa kamera tatu za filamu mbele ya watazamaji, na hizi ndo zinakula muda kuliko zote, kipindi cha dakika 22 kinaweza kuchukua masaa matatu mpaka matano kurekodi. Alafu kuna vipindi vya usiku vya mtangazaji na wageni, hivi vinaenda haraka, mara nyingi vinarekodiwa jioni na kurushwa usiku uleule, na ndani ya saa moja na nusu hivi mmemaliza. Kuna vile vya Uingereza vya maswali na utani wa mezani, kipindi kinaonekana nusu saa kwenye TV lakini pale studio mmekaa masaa mawili au zaidi, wanaongea wee, kisha kesho yake wanachuja yale matamu. Have I Got News for You ya BBC, iliyoanza 1990, inarekodiwa usiku mmoja kabla ya kurushwa. Na kuna ile ya kurushwa moja kwa moja kama Saturday Night Live ya New York, hiyo hamna kurudia, kikiharibika kimeharibika hewani.

Kama ni mara yako ya kwanza mimi ningekwambia anza na kipindi cha mtangazaji wa usiku, ni kifupi, kina bendi, kina mchangamko. Ila ukiwa mtu unayependa kujua komedi inavyopikwa, nenda kwenye ile ya kuigizwa, utatoka umechoka lakini utakuwa umeona vitu ambavyo kwenye TV havionekani kabisa.

Sasa tiketi. Vipindi vikubwa vya Marekani na Uingereza tiketi yake ni bure, narudia ni bure, kwaiyo mtu akikuuzia tiketi ya kuingia studio anakuibia tu na mlangoni unaweza ukarudishwa. Unaomba mtandaoni, aidha kwa kipindi chenyewe au kwa kampuni zinazokusanya watazamaji kwa niaba yao, Marekani wapo kama 1iota, Uingereza kuna Applause Store na SRO Audiences, na BBC wana ukurasa wao, vile vinavyogombaniwa sana wanachezesha droo. Unaandika jina, umri, mko wangapi, basi unasubiri imeili. Omba mko wawili, kundi la watu nane linawapa shida kulipanga. Alafu kama ratiba yako inaruhusu omba siku ambayo watu wengi hawataki, katikati ya wiki, wakati wa mvua au baridi.

Hapa ndo pana jambo linaloumiza watu wengi: tiketi sio uhakika wa kuingia. Wanatoa tiketi nyingi kuliko viti makusudi, sababu wanajua watu wakipewa kitu cha bure wengine hawatokei, na kamera haitakiwi ione kiti kitupu hata kimoja. Kwaiyo aliyetangulia ndo anaingia, mkijaa wanafunga mlango na tiketi yako mkononi. Soma ile imeili mpaka mwisho, kuna saa ya kufika na kuna saa ya mlango kufungwa, hizo ni saa mbili tofauti, na wewe fika kabla hata ya ile ya kwanza. Ukikosa kuingia usiondoke kwa hasira, muulize kwa upole yule mwenye orodha kama wanatoa tiketi ya kipaumbele kwa siku nyingine, vipindi vingi huwa wanatoa kwa waliofika kwa wakati wakakosa nafasi.

Kwa Saturday Night Live utaratibu ni wao peke yao. Wanapokea maombi kwa imeili mwezi wa 8 tu, mwezi mzima, kisha wanachezesha droo ya msimu mzima, hauchagui tarehe wala mgeni. Ukikosa droo kuna foleni ya kusubiri nafasi zitakazobaki, na hapo unachagua kimoja, aidha mazoezi ya mwisho saa 2 usiku au kipindi chenyewe saa 5 na nusu usiku, huwezi vyote. Wengi wanakimbilia cha saa 5 na nusu wapate ile raha ya kuwa hewani. Mi nasema chukua mazoezi. Ni marefu zaidi, wanacheza vipande vingi kuliko vitakavyorushwa, na wakubwa wa kipindi wanakaa wanasikiliza nyie mmecheka wapi, mmenyamaza wapi, kisha ndani ya hayo masaa machache wanakata visivyochekesha. Yaani ule usiku nyie watu wa saa 2 ndo mmeamua Marekani nzima ione nini. Na kile kipande kilichokatwa kuna uwezekano mmekiona nyie tu.

Umri nao angalia mapema, usije ukasafiri na mtoto ukaambiwa hapana, hiyo Saturday Night Live ni miaka 16 kwenda juu na vipindi vingine vingi ni 18. Beba kitambulisho chenye jina lile lile uliloombea tiketi.

Kuhusu nguo, vaa vizuri kama mtu anayeenda sehemu ya heshima ila uwe huru, maana utakaa sana. Epuka shati au gauni lenye mistari myembamba iliyobanana au vidraft vidogo vidogo, kwenye kamera inacheza cheza kama mawimbi na watakupeleka viti vya nyuma. Nyeupe pee nayo inawaka chini ya mataa, na fulana zenye nembo kubwa za kampuni au maandishi hawazitaki. Rangi ya kawaida iliyokolea inatosha. Na beba sweta, jamani beba sweta, studio ni baridi kweli kweli, taa zinatoa joto kali na mitambo inataka ubaridi kwaiyo kiyoyozi kinapigwa mpaka mwisho, David Letterman, aliyekuwa mtangazaji wa kipindi cha usiku Marekani, alikuwa anasifika kwa ukumbi wake kuwa wa baridi na alitaka hivyo hivyo, aliamini watu wakiwa na baridi wanakuwa macho.

Kula kabla ya kwenda, vyakula haviruhusiwi ndani, kuna baadhi ya komedi za kuigizwa wanagawa vitafunio kidogo katikati lakini usitegemee. Nenda chooni kabla ya kuingia ukumbini, maana wakishaanza kurekodi, kutoka ni ngumu, unakatiza mbele ya kamera. Begi kubwa acha nyumbani. Mlangoni mnapekuliwa kama uwanja wa ndege na simu inazimwa, au inafungwa kwenye kimfuko maalumu unakaa nacho mwenyewe ila hufungui mpaka utoke, au wanaikusanya kabisa. Kama kuna mtu lazima akupate usiku huo mwambie mapema kwamba hautapatikana.

Ukiingia unakalishwa, hauchagui. Wanaangalia nani akae wapi ili picha ipendeze, na mkiwa kundi mnaweza kutenganishwa, kubali tu, kuna watu wanabishana na wale vijana wa viti na haisaidii kitu. Ukiulizwa kama unapenda kukaa mbele na wewe ni mtu wa kucheka, sema ndio. Kama ni mtu wa aibu omba nyuma, mbele kule mchekeshaji anaweza kukugeukia.

Kabla ya kurekodi anatoka mchekeshaji wa kuchangamsha watu, sio yule wa kwenye TV, huyu jina lake haliandikwi hata kwenye matangazo lakini kazi yake ni ngumu kuliko wote mule ndani. Anawauliza mmetoka wapi, anawachezesha, anawafundisha kupiga makofi, na kwenye komedi ndefu anarudi kila kamera zikisimama, masaa yote hayo, asiache ukumbi upoe. Mpe ushirikiano, akiuliza jibu. Ukumbi ukilala mikononi mwake hata waigizaji wakitoka wanakuta watu wamepoa na kipindi kinakuwa kigumu. Vipindi vya mtangazaji mara nyingi mwenyewe anatoka mapema kuwasalimia na kuuliza nani ana swali, kwaiyo njoo nalo swali zuri, fupi, sio kumwomba picha. Na matangazo yakiingia usianze kusinzia, hapo ndo patamu, Trevor Noah, mchekeshaji wa Afrika Kusini, alipokuwa anaongoza The Daily Show, kipindi cha utani wa habari cha Marekani, kuanzia 2015 mpaka 2022 alikuwa anaongea na watu wa ukumbini wakati wa matangazo, stori za Afrika Kusini, lugha, siasa, mpaka wakawa wanazirusha mtandaoni kama kitu kinachojitegemea.

Sasa jinsi ya kucheka, maana ndo umeitiwa. Angalia juu ya kichwa chako, utaona maiki zinaning'inia juu ya viti, hizo ni zenu. Maiki haisikii tabasamu, kwaiyo ile ya kucheka kimoyomoyo ukitikisa mabega haiwasaidii, toa sauti. Ila toa sauti yako ya kweli, usijitie kupiga ukelele wa kipekee ili ujisikie kwenye TV, mhariri atakutoa na utakuwa umemharibia mwigizaji mstari wake. Usimjibu mwigizaji, usimalizie utani kabla yake hata kama umeshaujua. Na kicheko kikiisha nyamaza mara moja, usikivute, maana mwigizaji anasubiri kishuke kidogo ndo aendelee, utamwona kabisa amesimama na sura ileile anahesabu, huo ni ufundi ambao nyumbani huuoni.

Kwenye komedi ya kuigizwa watarudia, kila mara wanaporekodi kipande inaitwa teki. Teki ya kwanza mnacheka sana, ya pili mnaujua utani, na hapo ndo watu wanapochoka. Wenyewe wanajua, kwaiyo mara nyingi teki ya pili wanabadilisha mstari. Mkinyamaza sehemu waliyotegemea kicheko, angalia pembeni ya seti, utaona waandishi wanakusanyana, vichwa chini, karatasi na penseli, dakika mbili tatu, mmoja anaenda kumnong'oneza mwigizaji, anaitikia kwa kichwa, wanarudi sehemu zao na safari hii mstari ni mpya kabisa na haukuwepo duniani dakika tano zilizopita. Ukifanikiwa kuona hilo halafu ukumbi ukalipuka, utaelewa kwanini watu wanavumilia masaa yote yale.

Kati ya teki na teki usiongee na jirani, tazama. Anakuja dada mmoja na chupa ya juisi, anajaza glasi ya kwenye meza mpaka pale pale ilipokuwa mwanzo wa sini, yaani kile kipande cha mchezo, anarudi nyuma, anaangalia picha aliyopiga, anarudi anaongeza kidogo. Mwingine anamfuta mwigizaji jasho la pua kwa kisponji. Kuna anayezungusha kikombe ili mshikio wake ukae kushoto. Kamera zitakuziba mara nyingi, ndo maana wanaweka monita juu, sura za karibu ziangalie kule, ila kwa mambo mengine angalia seti yenyewe. Sini zilizorekodiwa siku nyingine, za gari au za nje, mnaoneshwa kwenye monita ili mfuate stori na mcheke mrekodiwe.

Mwisho waigizaji wanatoka kushukuru, watu wanaanza kusimama. Wewe kaa mpaka uambiwe mmemaliza, mara nyingi kuna vipande vidogo vya kurudia, na watu wakiwa wachache waliobaki ndo wanahitajika wacheke zaidi. Ukitoka muulize mtu wa studio kitarushwa lini, vya mtangazaji mara nyingi ni usiku uleule lakini komedi ya kuigizwa inaweza kukaa wiki kadhaa. Mpaka siku hiyo ifike usiandike mtandaoni nani kamuoa nani au mgeni wa kushtukiza alikuwa nani.