Jinsi ya kukagua dai la nasaba ya Kiabenaki: karatasi kwanza, DNA baadaye

Wale mnaoishi Vermont, hasa Burlington na Winooski ambako Wakongo wengi wamehamia, au mko Quebec, huenda mshaisikia hii: mtu anasimama kwenye mkutano anasema yeye ni Mwabenaki, halafu Waabenaki wa Odanak wanasema huyo hatumjui. Sasa nani mkweli? Mi kazi yangu ni kufuatilia nasaba za familia za Quebec na New England, na swali hili naletewa sana, kwa hiyo naandika hapa ninavyolifanyia kazi ili na wewe ukae chini ukague mwenyewe bila kutegemea maneno ya mtu.

Historia kidogo kwanza, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini watu wana hasira. Waabenaki ni wenyeji asilia wa Vermont, New Hampshire, sehemu ya Maine na kusini mwa Quebec, nchi yao wanaiita Ndakinna. Jamii zao mbili zinazotambuliwa na serikali ya Kanada ni Odanak na Wôlinak, zote ziko Quebec. Upande wa Marekani kundi moja la Missisquoi, kaskazini magharibi mwa Vermont, liliomba litambuliwe na serikali kuu, likakataliwa 2007, na uamuzi ule ulisema kati ya wanachama 1,171 ni 8 tu walioonyesha kwamba wametokana na Mwabenaki wa Missisquoi. Wanane! Pamoja na hayo jimbo la Vermont likaja kutambua makundi manne kwa sheria yake lenyewe, Elnu na Nulhegan 2011, Koasek na Missisquoi 2012. Odanak na Wôlinak wanapinga, wanasema waonyeshwe nasaba. Makundi ya Vermont yanajibu kwamba mababu zao walibaki kimyakimya kwenye ardhi yao wakati wengine wanaenda kaskazini, na kwamba sheria ya jimbo inawatosha. Na hapa kuna vitu vya kweli vinagombaniwa jamani: haki ya kuuza kazi za sanaa kama za wenyeji asilia, nani anakaa kwenye kamati za serikali, nani anaitwa shuleni kuwafundisha watoto historia ya Waabenaki.

Haya, tuanze.

Hatua ya 1: Andika dai kwa sentensi moja inayokagulika

"Familia yetu ina damu ya wenyeji asilia" hilo huwezi kulikagua. "Mama wa bibi yangu, aliyezaliwa Swanton, Vermont, miaka ya 1880, alikuwa Mwabenaki" hilo unaweza. Kwa hiyo mwulize mhusika: ni mzee gani hasa, alizaliwa wapi, lini, na nani wakati wa uhai wake alimtaja kuwa Mwabenaki? Kama jibu la hilo swali la mwisho ni "hakuna, ila sisi tunajua", liandike hivyohivyo. Picha ya bibi mwenye nywele nyeusi na mashavu yaliyochongoka weka pembeni kabisa, nimeona picha kama hizo za watu ambao mababu zao wote wametoka Normandy na Poitou, huko Ufaransa.

Hatua ya 2: Anza na walio hai, rudi nyuma kizazi kimoja kimoja

Hapa ndo watu wengi wanaharibu. Wanaanzia na mzee maarufu wa miaka ya 1700 halafu wanashuka wakitafuta njia ya kumfikia bibi yao, na ukifanya hivyo njia utaipata tu, kwa sababu majina yanafanana mno. Anza na mtu mwenyewe: cheti chake cha kuzaliwa kinakupa wazazi, cheti cha ndoa cha wazazi kinakupa babu na bibi, unaendelea hivyo. Kila kizazi kiwe na karatasi inayosema waziwazi fulani ni mtoto wa fulani. Mti wa ukoo aliouweka mtu mwingine mtandaoni si karatasi, ni fununu ya kwenda kutafuta karatasi.

Sensa za Marekani zinasaidia sana. Iliyo wazi ya mwisho ni ya 1950, kwa sababu zinafungwa miaka 72, na ukirudi nyuma utafika mpaka 1850, ya kwanza kuandika jina la kila mtu huru ndani ya nyumba. Ya 1880 inaonyesha uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya na pia wazazi wake walizaliwa wapi, ya 1900 inaongeza mwezi na mwaka wa kuzaliwa na mwaka mtu alioingia nchini. Ile ya 1890 karibu yote imepotea baada ya moto wa 1921, usipoteze muda nayo. Sehemu ya rangi ya mtu isome kwa tahadhari, karani ndiye aliyekuwa anajaza, mara nyingi kwa kumwangalia mtu tu, lakini kama familia imeandikwa nyeupe kwenye sensa zote na wazazi wamezaliwa "Kanada ya Kifaransa" mara tatu mfululizo, basi hiyo nayo ni habari, huwezi kuiruka kwa sababu hujaipenda.

Hatua ya 3: Vuka mpaka uingie kwenye rejista za parokia za Quebec

Hapa ndo penye utajiri, na ndo sababu mi naamini madai mengi ya huku yanaweza kujibiwa kabisa, tofauti na sehemu nyingine za Amerika. Mapadri wa Quebec wameandika ubatizo, ndoa na mazishi tangu miaka ya 1620, na kwa muda mrefu zilitunzwa nakala mbili, moja kanisani na nyingine mahakamani, yaani moja ikiungua mara nyingi nyingine ipo. Ndoa ya Kikatoliki kwa kawaida inataja baba na mama wa bwana harusi na wa bibi harusi, na mwanamke anaandikwa kwa jina la ukoo wa baba yake hata akifa akiwa bibi kizee wa kuolewa mara tatu. Picha za rejista nyingi zipo bure kwenye FamilySearch, tovuti ya nasaba, na Chuo Kikuu cha Montréal kina hifadhidata ya PRDH iliyounganisha familia za Wakatoliki kuanzia mwanzo mpaka katikati ya karne ya 19.

Ila kuwa macho na majina. Familia nyingi zilikuwa na majina mawili, la ukoo na la utani linalotanguliwa na neno "dit", na watoto wa baba mmoja wanaweza kuachana, huyu kachukua la kwanza yule la pili. Wakishavuka kuja Vermont, Benoit anakuwa Benway, Boisvert anakuwa Greenwood, Roy anakuwa King. Mtu asiyejua haya anafika Vermont anamkuta King asiye na wazazi, anasema huyu katokea hapahapa, huyu Mwabenaki aliyejificha, kumbe ubatizo wake upo upande wa pili wa mpaka, kilomita chache tu.

Na Waabenaki wenyewe wamo kwenye rejista, hawakupotea. Misheni ya Odanak, iliyoitwa Saint-François, ina rejista zake, na padri alipomwandika mwenyeji asilia mara nyingi aliandika taifa lake, "abénaquis", au lile neno la dharau "sauvage". Upande wa Vermont kuna mkataba wa 1765 ambapo Waabenaki wa Missisquoi walimkodisha ardhi James Robertson, majina yao yamo. Sasa kama vizazi sita vya familia vimebatizwa na kuoana kwenye parokia za wakulima wa Kifaransa na hakuna hata padri mmoja aliyeandika neno kama hilo, huo ni ushahidi mzito. Jina la ukoo peke yake halitoshi kukutoa hapo, hata liwe St. Francis, yaani Saint-François kwa Kiingereza.

Hatua ya 4: Hadithi ya kujificha, ipime kwa tarehe

Utaambiwa: tulijiita Wafaransa kwa sababu ya mpango wa kuhasi watu, yaani kuwaondolea uwezo wa kuzaa. Mpango ulikuwepo kweli na ulikuwa ukatili. Profesa Henry Perkins wa Chuo Kikuu cha Vermont aliendesha uchunguzi wa familia kuanzia 1925 mpaka 1936, sheria ya kuhasi ikapitishwa 1931, na bunge la Vermont liliomba radhi 2021. Walioandamwa ni maskini, walemavu, Wafaransa wa Quebec, watu waliosemwa kuwa na asili mchanganyiko. Kwa hiyo ukikutana na familia iliyoumia usiwe mkali, yale maumivu ni ya kweli hata kama nasaba siyo ile wanayoidhania.

Halafu angalia tarehe. Sheria ya 1931 haiwezi kueleza kwa nini babu aliandikwa Mfaransa kwenye ubatizo wa 1868, au mzazi wake kwenye ndoa ya 1840. Tafuta karatasi za kabla ya 1925 na uulize zinasemaje, kama zinasema kitu kilekile kilichosemwa baadaye basi hofu ya miaka ya 30 haijabadilisha chochote kwenye maandishi.

Hatua ya 5: Sasa ndo DNA, na ujue unapima nini

Hakuna kipimo duniani kinachosema "hii ni DNA ya Kiabenaki". Vipo vya aina tatu na kila kimoja kina mipaka yake.

Cha kwanza kinasoma DNA uliyorithi kwa pande zote mbili. Mchango wa kila mzee unapungua kwa nusu kila kizazi, kwa hiyo bibi mzaa mama yako ni kama asilimia 25, mama yake ni 12.5, na mzee wa vizazi 8 nyuma ni mmoja kati ya 256, yaani wastani wa 0.4. Nasema wastani, maana kufika huko kuna wazee ambao hukurithi kwao hata kipande kimoja. Ukiona ripoti inasema "wenyeji asilia wa Amerika asilimia 0.3", inaweza kuwa kelele za hesabu tu, inaweza kuwa mzee mmoja wa miaka ya 1600, haikuambii ni nani wala wa taifa gani. Lakini kama dai ni mama wa bibi aliyekuwa Mwabenaki kwa pande zote na kipimo kinatoa sifuri, hapo dai lina shida kubwa, itabidi mhusika aeleze.

Cha pili ni DNA ya mitokondria, inayopita mama kwa binti, mama kwa binti. Makundi ya DNA hii yanayopatikana kwa wenyeji asilia wa Amerika yanajulikana, A2, B2, C1, D1, X2a. Herufi ya kwanza peke yake haitoshi na mfano wake ni Catherine Pillard, aliyeolewa na Pierre Charron Montréal 1665. Watu waliotokana naye kwa mstari wa kike walipima wakapata A, wakashangilia kwamba bibi yao alikuwa mwenyeji asilia. Upimaji wa ndani zaidi ukaonyesha ni A10, tawi la Ulaya na Asia ambalo si la wenyeji asilia wa Amerika, na ubatizo wake mwenyewe upo La Rochelle, Ufaransa. Kwa hiyo usikubali matokeo ya juujuu, dai usomaji kamili.

Cha tatu ni kromosomu Y, baba kwa mwana, ambako unatafuta matawi ya wenyeji asilia kama Q-M3 au C-P39. Hicho na cha mitokondria vinafuata mstari mmoja tu kati ya mamia, kwa hiyo jibu la "si mwenyeji asilia" linahusu mstari ule tu, familia nzima bado hujaimaliza.

Mi DNA naitumia zaidi kuhakiki karatasi: kama karatasi inasema hawa wawili ni wajukuu wa ndugu, wapime, kwa wastani wanashea kama sentimogani 229 (kipimo cha urefu wa vipande vya DNA), na vitukuu wa ndugu ni kama 73. Ila Quebec ilianzishwa na watu wachache wakaoana wao kwa wao karne nyingi, namba zinavimba, mtu anaonekana ndugu wa karibu kumbe mmekutana mara kumi kwenye miaka ya 1600. Usimpime mtu bila ridhaa yake, na ukipima mjomba usipakie matokeo yake kwenye saiti nyingine kabla hujamwuliza.

Hatua ya 6: Tenganisha kutokana na mtu na kuwa wa watu

Tuseme umempata mwenyeji asilia kweli. Mara nyingi ni mtu kama Marie Olivier Sylvestre aliyeolewa na Martin Prévost pale Québec 1644. Uzao wake leo ni maelfu kwa maelfu, Wafaransa wa Quebec wa kawaida kabisa. Mwanasosholojia Darryl Leroux ameonyesha jinsi watu wanavyomchukua mzee mmoja wa karne ya 17 kama huyu na kumgeuza kitambulisho cha leo. Na hata ikithibitika ametokana naye, hiyo haimfanyi mtu Mwabenaki.

Upande wa pili mwangalie Joseph-Louis Gill. Wazazi wake wote wawili walikuwa Waingereza waliotekwa wakiwa wadogo, wakalelewa na Waabenaki, yeye akazaliwa Odanak 1719, akaoa binti wa kiongozi, na yeye mwenyewe akawa kiongozi wao. Wanajeshi wa Robert Rogers, wa upande wa Waingereza, walipochoma kijiji cha Odanak Oktoba 1759 mke wake alichukuliwa na hakurudi. Ungempima Gill usingekuta DNA ya wenyeji asilia, na bado Waabenaki walimjua ni wao na uzao wake umo Odanak. Kwa hiyo swali la nani ni Mwabenaki wanalijibu Waabenaki, kwa taratibu zao za uanachama. Sisi wa nasaba tunajibu swali dogo zaidi, kama karatasi zinafika au hazifiki, na tukishalijibu tuwapelekee wao, ofisi za Odanak na Wôlinak zipo na wanaweka kumbukumbu za familia zao.

Hatua ya 7: Andika ripoti

Kila kizazi mstari wake: jina kama lilivyoandikwa, tarehe, parokia au mji, namba ya picha ya rejista. Panapokatika andika pamekatika, taja ulitafuta rejista zipi na za miaka ipi ili mwingine asirudie. Matokeo yawe moja kati ya matatu, limethibitika, limekanushwa, au karatasi hazijafika, na hilo la tatu usiliache lisomeke kama la kwanza. Majina ya walio hai yafute kabla hujamtumia mtu yeyote.