Namna ya Kupatanisha Kiima na Kitenzi Penye Viunganishi vya Jozi katika Kiingereza

Katika Kiswahili tumezoea kukusanya nomino mbili chini ya kiambishi kimoja cha wingi, kama tunaposema "kitabu na kalamu vimepotea". Tukiandika Kiingereza, mazoea hayo yanatufaa kwa jozi moja tu, yaani "both… and", ambayo siku zote huchukua kitenzi cha wingi: "Both the book and the pen are lost."

Jozi za "either… or", "neither… nor" na "not only… but also" hazikusanyi. Ukikutana nazo, tafuta kwanza kiunganishi cha pili, tazama nomino inayokifuata, kisha upatanishe kitenzi na nomino hiyo peke yake, bila kujali iliyotangulia. Ndiyo sababu tunaandika "Neither the teacher nor the pupils were present", lakini tukigeuza mpangilio tunaandika "Neither the pupils nor the teacher was present". Zote mbili ni sahihi, ila ya pili hukwaruza masikio, kwa hiyo ninashauri nomino ya wingi iwekwe mwishoni kila inapowezekana.

Mtego mkubwa zaidi ni nomino inayokigusa kitenzi ilhali si kiima. Chunguza sentensi hii: "Either the clerks or the head of the departments has the key." Neno "departments" limekaa ubavuni mwa kitenzi, lakini mwenye ufunguo ni "head", na maneno "of the departments" yanaeleza tu ni mkuu wa nini, anayeandika "have" hapo amedanganywa na ujirani, na kosa hilo huwapata hata waandishi wazoefu.

Katika swali, kitenzi kisaidizi hutangulia, hivyo kinachotazamwa ni nomino ya kwanza: "Has either the headteacher or the parents signed the form?" Panapokuwa na "will", "can" au kitenzi cha wakati uliopita kisichokuwa "was" wala "were", usihangaike, kwa kuwa umbo halibadiliki.

Kanuni hiyohiyo hugusa nafsi pia. "Either my brother or I am going" ni sahihi, ingawa ni nzito kutamka, ukitaka ulaini, kipe kila kiima kitenzi chake: "Either my brother is going or I am."