Jinsi ya kuomba dhamana za Serikali za muda mfupi ukiwa Nyanda za Juu Kusini

Fedha za mkulima huja kwa mkupuo, kisha zinakaa kusubiri. Mpunga wa Kyela unauzwa katikati ya mwaka, mahindi ya Ismani na kahawa ya Mbozi hayapo mbali nao. Mbolea inatakiwa Novemba mvua zikikaribia, na ada inatakiwa Januari. Miezi minne au mitano ya katikati ndiyo inayomaliza fedha za watu: huyu kamkopesha shemeji, yule kanunua pikipiki ambayo hakuipanga, na mbolea ikifika dukani wote wawili wanatafuta mkopo.

Dhamana za Serikali za muda mfupi zinaingia katika pengo hilo vizuri kuliko kitu kingine ninachokijua, na inaniuma kwamba wengi wetu huku bado tunaamini ni mambo ya mabenki na watu wa Dar es Salaam. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha akiba hapa Tukuyu. Ninayoeleza ni yale tunayoyafanya sisi, na mahali tulipojikwaa nitapaonyesha.

Kwanza, unanunua nini

Serikali ina matumizi ya kila siku, lakini kodi haziingii kwa mpangilio uleule. Kwa hiyo hukopa kwa muda mfupi, na Benki Kuu ya Tanzania huendesha mnada wa deni hilo kwa niaba yake. Utaratibu huu wa mnada upo tangu 1993. Ukinunua dhamana, umeikopesha Serikali. Muda wa deni ni wa aina nne: siku 35, siku 91, siku 182 na siku 364. Deni la kuanzia miaka miwili kwenda juu huitwa hatifungani, nalo lina riba ya kila nusu mwaka na taratibu zake, hapa silizungumzii.

Dhamana ya muda mfupi hailipi riba njiani. Unainunua kwa bei pungufu, na ikiiva unalipwa thamani yake kamili. Bei hutajwa kwa kila shilingi 100. Tuseme umepata dhamana ya shilingi 2,000,000 ya siku 364 kwa bei ya 94.50. Leo unalipa 1,890,000. Ikiiva, thamani yake ni 2,000,000, faida ni 110,000. Faida hiyo hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10, yaani 11,000, na wewe unabaki na 99,000. Bei hii na nyingine zote humu ni za mfano; bei ya kweli hubadilika kila mnada.

Fungua akaunti ya dhamana mapema

Akaunti hii watu huiita akaunti ya CDS. Ndiyo daftari la Benki Kuu linaloonyesha kwamba dhamana fulani ni yako. Hupewi cheti cha karatasi cha kuficha sandukuni. Benki Kuu ina tawi Mbeya mjini, na ukienda kuuliza utaelezwa, lakini akaunti na maombi hupitia kwa wakala aliyeidhinishwa, ambaye ni benki ya biashara au dalali wa soko la hisa. Anza na benki unayoweka fedha zako, kwa sababu malipo yatatoka na kurudi humohumo.

Beba namba ya NIDA na nakala ya kitambulisho, picha za pasipoti, na namba ya akaunti yako ya benki. Kikundi kinaongeza cheti cha usajili, katiba, muhtasari wa kikao kilichoamua kununua dhamana, na majina na saini za watu walioruhusiwa kutia saini.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo tulipopoteza minada miwili mfululizo. Mmoja wa watia saini wetu aliandikwa NIDA kwa majina matatu, na benki kwa majina mawili, tena moja likiwa limeandikwa kwa herufi tofauti. Fomu ilirudishwa. Tukarekebisha, ikarudishwa tena kwa sababu saini yake haikufanana na ile ya benki ya miaka mingi nyuma. Kaa na watia saini wako mezani, panga vitambulisho vyote pamoja, linganisha herufi kwa herufi kabla hujapanda gari.

Na usikubali kukatishwa tamaa dirishani. Mama mmoja wa kikundi chetu alikwenda peke yake kwenye tawi moja la benki akaambiwa kwamba kiwango cha chini ni milioni 50, akarudi nyumbani kimya. Hiyo si kweli. Kiwango cha chini cha dhamana za muda mfupi ni shilingi 500,000, na juu ya hapo unaongeza kwa mafungu ya 10,000. Aliyeko dirishani akisema hajui, omba kuonana na mhusika wa dhamana za Serikali. Kwenye matawi ya mikoani mara nyingi ni mtu mmoja tu, wakati mwingine yuko makao makuu na mtaongea kwa simu.

Panga tarehe kwa kuanzia mwisho

Benki Kuu hutoa ratiba ya minada, na kabla ya kila mnada hutoa tangazo lenye kiasi kinachotafutwa na muda wa dhamana zitakazouzwa. Utayapata kwenye tovuti yake au kwa wakala wako. Mnada wa dhamana za muda mfupi hufanyika Jumatano, kwa kawaida kila baada ya wiki mbili, na malipo hufanyika siku inayofuata.

Usianze kwa kuuliza mnada uko lini. Anza kwa kuuliza fedha unazitaka lini. Ada ya Januari: ukilipia dhamana ya siku 182 tarehe 2 Julai, inaiva tarehe 31 Desemba. Mbolea ya Novemba: ukilipia ya siku 91 tarehe 5 Agosti, inaiva tarehe 4 Novemba. Fanya hesabu hiyo kwenye kalenda, kisha acha siku chache za akiba. Aliyechukua siku 364 kwa sababu faida yake ilionekana nono, halafu akahitaji mbolea miezi mitatu baadaye, hakukopesha Serikali kwa busara.

Bei

Sehemu hii ndiyo inayowachanganya wengi, nami naiona ndiyo kiini cha shughuli nzima.

Mkulima wa kakao Kyela anaujua mnada. Mzigo uko ghalani, wanunuzi wanaleta bei zao, mwenye bei ya juu anauchukua, na mkulima anaomba Mungu bei ipande. Hapa umehama upande. Serikali ndiyo yenye mzigo, wewe ndiye mnunuzi. Kwa hiyo bei ya juu ni hasara yako: kwenye dhamana ya 2,000,000, ukiandika 95.50 badala ya 94.50 umeongeza malipo kwa 20,000, na faida imeshuka kutoka 110,000 hadi 90,000. Niliwahi kumkuta mtu ameandika bei kubwa akidhani anaomba faida kubwa. Ni kinyume kabisa.

Lakini ukiandika chini mno unaukosa mzigo. Zabuni hupangwa kuanzia bei ya juu kushuka. Tuseme Serikali inatafuta bilioni 60. Walioandika 94.80 wanachukua bilioni 25, walioandika 94.60 wanachukua 20, zimebaki 15. Walioandika 94.50 wameomba 30, kwa hiyo wanaweza kupewa sehemu tu ya walichoomba. Aliyeandika 94.20 anarudi mikono mitupu. Na kila mshindi hulipa bei aliyoiandika mwenyewe, hakuna kusawazishiwa na jirani. Benki Kuu pia ina haki ya kuchukua pungufu ya kiasi ilichotangaza endapo bei zilizoletwa haziridhishi.

Tunafanyaje sisi? Tunachukua matokeo ya minada mitatu iliyopita ya muda uleule tunaoutaka. Matokeo huonyesha kiasi kilichotafutwa, kiasi kilicholetwa, bei ya chini iliyokubaliwa na bei ya wastani ya walioshinda. Kama kiasi kilicholetwa ni mara mbili au tatu ya kilichotafutwa, watu wanagombania, bei inapanda, nasi tunaandika karibu na wastani. Kama kilicholetwa hakikufika, tunathubutu kushuka kuelekea ile bei ya chini. Unaweza pia kugawa fedha yako katika zabuni mbili zenye bei tofauti, ili ile ya chini ikianguka, ya juu ibaki, alimradi kila moja inafikia 500,000. Muulize wakala wako kama mnada huo unapokea zabuni isiyo na ushindani. Pale inapopokelewa, huandiki bei, unauziwa kwa wastani wa walioshinda, na kwa mtu wa mara ya kwanza ningeshauri achukue njia hiyo.

Ili kulinganisha muda na muda, usiangalie bei peke yake. Toa bei kwenye 100, gawanya jibu kwa bei, zidisha kwa 365, gawanya kwa idadi ya siku, kisha zidisha kwa 100 upate asilimia. Siku 364 kwa 94.50 ni kama asilimia 5.84 kwa mwaka. Siku 91 kwa 98.50 huonekana kama senti tu, lakini ni kama asilimia 6.11 kwa mwaka. Hesabu hii niliifanyia ubaoni kwenye kikao chetu, na wanachama walioacha shule darasa la saba waliifuata hadi mwisho bila shida.

Jaza fomu, peleka

Fomu ya zabuni ni fupi: jina, namba ya akaunti ya CDS, namba ya mnada, muda wa dhamana, kiasi na bei. Kiasi kinachoandikwa ni thamani ya dhamana itakapoiva, siyo fedha utakazotoa leo. Bei iandike na desimali zake zote, kwa mfano 94.5000, usiache pengo ambalo mtu mwingine atalijaza.

Zabuni hufungwa asubuhi ya siku ya mnada, na wakala huwa na saa yake ya mwisho iliyo mapema zaidi, mara nyingi siku moja kabla. Kutoka Tukuyu hadi Mbeya mjini ni kama kilomita 70, na mvua ikinyesha hujui utafika saa ngapi. Sisi hupeleka Jumatatu. Omba nakala iliyogongwa muhuri, uondoke nayo.

Matokeo na malipo

Matokeo hutangazwa siku hiyohiyo ya mnada. Ukishinda, fedha ziwe zimekaa kwenye akaunti yako tayari, maana kesho yake zinakatwa. Mtu aliyeshinda asilipe anaharibu jina lake kwa wakala na kwa Benki Kuu, na dhamana haipati. Ukishindwa, hujapoteza kitu zaidi ya nauli. Subiri mnada mwingine, soma tena bei.

Hakuna hatua hata moja ambapo utatakiwa kutuma fedha kwenye namba ya simu ya mtu. Akitokea anayejiita wakala wa Benki Kuu mwenye namba ya kutumiwa fedha, huyo ni mwizi, mwambie mwenyekiti wa mtaa na polisi.

Kwa wenye fedha kidogo

Niseme wazi jambo ambalo mawakala hawalisemi. Dhamana ya 500,000 ya siku 91 kwa bei ya 98.50 inakupa faida ya 7,500. Toa kodi ya 750, unabaki na 6,750. Nauli ya kwenda Mbeya na kurudi, pamoja na makato ya benki ya kuhamisha fedha, vinaweza kuimaliza yote. Uliza makato kabla ya kusaini chochote. Mwenye laki tano peke yake afikirie siku 364, ambapo kwa bei ya 94.50 atabaki na 24,750 baada ya kodi, au aingie kwenye kikundi. Sisi 18 tulipounganisha akiba zetu, safari ikawa moja, fomu moja, makato yakagawanyika.

Ukipata shida kabla dhamana haijaiva, unaweza kuiuza kupitia wakala wako, ila mnunuzi atataka bei inayomfaa yeye. Njia nyingine ni kuiweka rehani benki upate mkopo. Benki nyingi huipenda rehani hii, kwa sababu haihitaji bwana mipaka wala hati ya kiwanja.

Dhamana ikiiva, fedha huingia zenyewe kwenye akaunti ya benki uliyoandika. Hakikisha akaunti hiyo haijalala kwa kutotumika. Kijana wetu mmoja alilazimika kwenda mjini mara tatu kuifufua huku fedha zikiwa zimezuiwa. Kama hamzihitaji bado, andikeni zabuni mpya mapema, ili siku zinapoingia mnada unaofuata uwe karibu.