Kuzuia Baridi Katika Ukuta wa Mbao Chini ya Dirisha Lililochomoza

Katika nyumba nyingi za Uingereza zilizojengwa miaka ya 1930, ukuta ulio chini ya dirisha lililochomoza la ghorofani ni fremu ya mbao tu, yenye vigae nje na plasta ndani, na katikati yake hamna kitu isipokuwa upepo.

Bandua plasta kwa upande wa ndani, kisha chomeka ncha ya bisibisi kwenye kila ubao wa fremu, hasa ule wa chini kabisa. Ikizama kwa urahisi, ubao huo umeoza na ni lazima ubadilishwe kwanza. Kata vibao vya povu gumu vyenye unene usiojaza nafasi yote, ukiacha milimita 50 nyuma ya vigae ili hewa ipite na kukausha maji yanayopenya. Mianya ya pembeni izibwe kwa povu la kupuliza, na viungo kwa utepe wa foili. Hapa ndipo mafundi wengi hulipua kazi.

Kabla ya kupigilia jipsamu, tandaza nailoni nzito upande wa ndani, maana mvuke wa chumbani ukifika penye baridi hugeuka maji na kuozesha mbao. Nyaya za umeme zisigusane na polistaireni (aina mojawapo ya povu gumu), kwani maganda ya plastiki ya nyaya hizo huweza kukakamaa na kupasuka.