Kumpeleka mzazi wa Moshi kwenye hoteli ya theluji: panga kwa ajili ya asiyeteleza

Kila ikifika Oktoba, Watanzania tunaoishi Ujerumani, Uswisi, Uingereza na nchi za Nordiki huanza kuulizana jambo lile lile. Mama au baba anakuja kututembelea, tunataka tumpeleke milimani, tukae siku nne au tano kwenye hoteli nzuri ya skii. Kwa watu wa Moshi wazo hili lina uzito wake. Mzee aliyekulia Kibosho, Machame au Marangu ameitazama theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, tangu utotoni, na wazee wengi hawajawahi kuifikia. Anastahili kuishika mkononi.

Shida ni kwamba hoteli hizi hutangazwa kwa watelezaji, yaani wanaoteleza kwenye theluji kwa skii. Utaambiwa kilomita za njia za kuteleza, idadi ya magari ya waya, na kwamba unatoka mlangoni ukiwa umeshavaa skii. Hayo yote hayamsaidii mama wa miaka 68 ambaye atabaki hotelini kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni huku ninyi mkiwa mlimani. Hoteli iliyo peke yake juu kabisa, mlango unafunguka kwenye mteremko, ni nzuri kwa mtelezaji na ni kifungo kwa mzee. Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: chagua hoteli kwa ajili ya yule asiyeteleza, na watelezaji watajipanga. Iwe ndani ya kijiji, karibu na kituo cha treni, kanisa na maduka, yenye lifti hadi ghorofa ya chumba, sebule yenye moto na dirisha linaloangalia mlima.

Sasa tarehe, maana ndizo zinazoamua bei kuliko idadi ya nyota.

Desemba waachieni Moshi. Wiki ya Krismasi na Mwaka Mpya ni ghali kupindukia milimani, na hoteli nyingi hukataa kupokea mtu wa usiku mbili tatu. Zinataka wiki nzima. Ndiyo wiki hiyohiyo ambayo barabara ya kutoka Dar es Salaam kupitia Segera na Same hujaa magari ya watu wanaorudi nyumbani kuhesabiwa. Mzee anayetegemewa kugawa nyama ya mbuzi kihambani, kwenye shamba la ukoo, hawezi kuwa Uswisi siku hiyo, na ukimwondoa utakuwa umeuharibu mwaka wa ukoo mzima. Februari nayo ina mtego wake: likizo za shule za Ufaransa hupishana kwa kanda mwezi wote, Waingereza huja katikati ya mwezi, na Wajerumani na Waholanzi wana wiki zao. Bei hupanda tena.

Zinabaki nafasi mbili nzuri. Ya kwanza ni baada ya Januari 6 hadi mwisho wa mwezi huo: vyumba vipo, bei imeshuka, theluji ni ya kutosha, ila baridi ni kali na giza huingia mapema. Ya pili ni Machi, jua linapokuwa refu na mtu anaweza kukaa nje mchana na kikombe cha chai. Kwa mzazi mimi napendekeza Machi, mwanzoni mwanzoni, kwa sababu mwenye shamba la mahindi tambarare atataka kuwa amerudi kabla mvua za masika hazijashika. Mwaka 2027 Pasaka ni Machi 28, kwa hiyo wiki hiyo iepukeni. Kwa familia za Kiislamu, mwaka huohuo Ramadhani inatarajiwa kuanza takriban Februari 8 na kumalizika karibu na Machi 9; ukiweza, sogeza safari hadi baada ya Idi. Ukienda Machi chagua kijiji kilicho mita 1,500 au zaidi, maana chini ya hapo theluji huanza kuwa tope.

Ukishapata tarehe, soma bei kwa makini. Hoteli nyingi za Austria na Uswisi hutaja bei kwa mtu mmoja kwa usiku, tofauti na tulivyozoea Arusha kuulizia bei ya chumba. Ukiona 280, na ninyi ni wawili, zidisha kabla ya kushangilia. Austria bei hiyo mara nyingi ina kifungua kinywa na chakula cha jioni cha sahani nne au tano. Uswisi mara nyingi ni kifungua kinywa tu, na chakula cha jioni kwa watu wanne kinaweza kukuumiza. Ongeza kodi ya mgeni ya kila usiku. Hoteli za nyota 5 za mahali kama St. Moritz zinaweza kuvuka franki 1,000 kwa chumba kwa usiku msimu ukichanganya. Nyota 4 katika kijiji kilekile humpa mzazi karibu kila kitu anachohitaji: joto, usafi, heshima na mandhari.

Weka nafasi inayoweza kufutwa bila gharama, hata kama ile isiyofutika ina punguzo kubwa. Viza haijatoka bado, na hoteli haitajali kwamba ubalozi umechelewa. Tiketi ya ndege nayo usiilipie moja kwa moja kabla ya viza. Nafasi iliyoshikwa inatosha kwenye maombi.

Viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024. Maombi yanaweza kupelekwa hadi miezi 6 kabla ya safari, na yasipungue siku 15 kabla. Mimi ningempa mzazi miezi mitatu, kwa sababu atatakiwa kwenda Dar es Salaam kutoa alama za vidole na kutoka Moshi ni siku nzima ya basi. Omba kwa nchi ambayo mtakaa siku nyingi zaidi: kama mzee anakuja kwako Hamburg kwa wiki tano na milima ya Uswisi ni usiku nne tu, viza ni ya Ujerumani. Uswisi haimo katika Umoja wa Ulaya lakini imo Schengen, kwa hiyo viza moja inatosha. Wewe unayeishi Uingereza kwa pasipoti ya Tanzania, kumbuka kwamba kibali chako cha Uingereza hakikufikishi milima ya Alps. Wewe pia unahitaji viza ya Schengen, sawa na mama yako.

Maofisa wa viza wanataka kuona sababu ya mzee kurudi. Kihamba cha ukoo mara nyingi hakina hati, kwa hiyo tafuta barua ya serikali ya kijiji, taarifa ya pensheni ya PSSSF kama alikuwa mtumishi wa umma, taarifa ya benki ya miezi kadhaa, na ueleze wajukuu au mifugo anaowatunza. Bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000. Isome tena ukitafuta mambo mawili: ajali ya skii na uokoaji wa helikopta mlimani. Bima nyingi za bei rahisi huyaacha yote mawili. Mkienda Italia, kila anayeteleza kwenye njia rasmi anatakiwa tangu Januari 2022 awe na bima ya madhara kwa watu wengine. Inauzwa pale pale pamoja na tiketi ya gari la waya.

Kuhusu mahali, nimewashauri wengi waangalie Zermatt, kusini mwa Uswisi, na sababu ni ya kimoshi kabisa. Ni kijiji chenye mlima mmoja unaotawala kila dirisha: Matterhorn, mita 4,478. Mtu wa Moshi anaelewa papo hapo maana ya kuamka na kuangalia kama mlima umetoka mawinguni. Kijiji kipo mita 1,600 hivi, chini kidogo ya geti la Marangu, kwa hiyo mwili wa mtu aliyezoea mteremko wa Kilimanjaro hautashtuka. Magari ya petroli hayaruhusiwi. Gari lako unaliacha Täsch, unapanda treni dakika 12, na hoteli inakuja kukupokea stesheni kwa kigari cha umeme. Kwa mzee anayetembea polepole, barabara isiyo na magari ya kasi ni neema.

Na hapo ndipo asiyeteleza anapopata siku yake. Treni ya meno inayopanda Gornergrat imekuwapo tangu 1898. Dakika 33 tu na upo mita 3,089, umekaa kwenye kiti, umevaa koti lako, mto wa barafu wa Gorner uko mbele yako. Mzazi mwenye afya njema atashuka, atashika theluji, atapigwa picha, atakunywa kitu cha moto na kurudi kijijini mchana. Lakini pale Klein Matterhorn, kituo cha gari la waya kilicho mita 3,883, usimpeleke. Ni juu kuliko kibanda cha Horombo chenye mita 3,720. Wapandaji wa njia ya Marangu huchukua siku mbili kufika Horombo ili mwili uzoee. Gari la waya linakufikisha kimo kile ndani ya saa moja hivi. Mwenye presha au tatizo la moyo apimwe kwanza nyumbani, hospitali ya KCMC au kwa daktari wake wa kawaida, na amweleze daktari kimo chenyewe kwa mita. Mwenye sukari anayetumia insulini aibebe ndani ya nguo karibu na mwili, maana ikiganda haifai tena.

St. Moritz pia ina mengi kwa asiyeteleza. Ndiko inakosimuliwa kwamba mwaka 1864 mwenye hoteli Johannes Badrutt aliwashawishi wageni wake Waingereza waje majira ya baridi, wasiporidhika atawarudishia gharama. Ziwa huganda na watu hutembea juu yake. Ni ghali zaidi, na baridi yake inauma.

Hatari kubwa kwa wazee wetu ni barafu nyembamba ya kwenye njia ya miguu mbele ya hoteli, mahali ambapo theluji iliyeyuka mchana ikaganda usiku. Nyonga huvunjika pale. Nunua vile vipira vyenye meno ya chuma vinavyofungwa chini ya viatu, omba fimbo za kutembelea mapokezi, na siku zote mtu amshike mkono. Kama kuna kijana mmoja wa kubaki naye kila siku kwa zamu, pangeni zamu hiyo kabla hamjaondoka nyumbani.

Nguo zianzieni Moshi. Mjini kuna maduka yanayokodisha na kuuza vifaa vya wapandaji wa Kilimanjaro, na Arusha vilevile: makoti ya manyoya, suruali zisizopitisha maji, glavu, boshori. Mtu aangalie pia mitumba ya Memorial, ambako makoti ya Ulaya hupatikana kwa bei ambayo Zürich hainunui hata soksi. Kitu muhimu ni tabaka la ndani linalobana mwili, kisha sweta, kisha koti. Koti hilo lisiingie kwenye begi la mizigo. Ndege ya usiku ya KLM kutoka uwanja wa Kilimanjaro (KIA) inafika Amsterdam alfajiri, na begi likipotea mama atatoka nje na kitenge. Mafuta ya ngozi yawe mengi, kwa kuwa hewa ya milimani na joto la vyumbani hukausha ngozi hadi ipasuke. Miwani ya jua ni lazima kwa kila mmoja, weusi wa ngozi haulindi macho. Theluji hurudisha mwanga wa jua kwa nguvu sana. Wadada, misuko mikubwa haiingii kwenye helmeti. Sukeni ya kulala kichwani.

Jambo la sauna lazima lisemwe mapema. Katika hoteli za Austria, Ujerumani na sehemu kubwa ya Uswisi inayozungumza Kijerumani, sauna ni ya wanaume na wanawake pamoja, na watu huingia bila nguo. Kwao ni desturi ya kawaida ya afya. Kwa baba mkwe aliye pamoja na mkwewe ni jambo lisilowezekana kabisa. Uliza hoteli kama ina saa za wanawake peke yao, au bwawa la kuogelea ambako mavazi yanavaliwa, na mwelekeze mzazi milango ipi asiifungue. Ufaransa mavazi ya kuogelea huvaliwa kote.

Chakula cha jioni kitakuwa na nyama ya nguruwe mahali usipoitarajia, hata ndani ya viazi vya kukaanga, na jibini la kuyeyusha la Uswisi hupikwa na divai. Andikia jikoni wiki moja kabla; hoteli za daraja hili hujibu na hutekeleza. Nimeona wapishi wakiandaa supu ya ndizi baada ya kutumiwa maelezo, haikuwa mtori, lakini mzee aliimaliza.

Mkitaka kuteleza, chukueni mwalimu binafsi wa saa mbili asubuhi ya kwanza badala ya kufundishana. Kadi ya siku ya kupandia magari ya waya kwenye vituo vikubwa vya Uswisi ni karibu franki 80 hadi 100, na anayeanza haihitaji. Uwanja wa mazoezi mara nyingi ni wa bure au wa bei ndogo. Dharura mlimani ni 112, na Uswisi helikopta za uokoaji za Rega ni 1414, isipokuwa jimbo la Valais, liliko Zermatt, ambako ni 144.

Mwisho, usipange kushuka mlimani na kupanda ndege siku moja. Januari 2018 theluji ilifunga barabara na reli ya Zermatt, na wageni wapatao 13,000 wakakwama kijijini. Usiku wa mwisho laleni Zürich, karibu na uwanja wa ndege, hoteli ya kawaida tu, na mzazi aombewe kiti cha magurudumu hadi mlango wa ndege hata kama anasema anaweza kutembea.