Mzunguko wa Mji Mkongwe, Zanzibar, baada ya Alfajiri

Jamani, mazoezi hayahitaji jimu. Ukishasali Alfajiri, vaa raba, anzia Mnazi Mmoja, shika Shangani, pita Forodhani na Mizingani hadi Malindi, kisha rudi kwa Darajani. Saa hiyo jua halijachoma na vyombo vya moto ni vichache. Tembea kwa kasi ya kukufanya uheme lakini bado uweze kuzungumza. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima angalau dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Januari 1 tunajaa barabarani kwa mazoezi ya viungo, na napenda sana kuona hivyo, lakini Februari je, tunaendelea? Mvua ikinyesha, epuka vichochoro, mawe yanateleza.