Kuandaa Ofisi ya Kutayarisha Ritani za Kodi Nyanda za Juu Kusini

Risiti inapotoka kwenye EFD, yaani mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi, ya duka la vipuri pale Mwanjelwa huwa na maandishi meusi yanayosomeka hata na mtu aliyesahau miwani nyumbani. Risiti hiyohiyo, ikikaa miezi minne juu ya dashibodi ya Fuso linalokwenda na kurudi kati ya Mbozi na Makambako, humfikia mtayarishaji wa ritani, yaani taarifa za kodi zinazowasilishwa Mamlaka ya Mapato (TRA), ikiwa karatasi nyeupe yenye vivuli vya tarakimu. Mteja atasema kwamba alinunua, na muuzaji huenda akakubali kwamba aliuza, lakini anayedai kodi ya manunuzi, ile aliyolipa aliponunua, kwenye ritani ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) bila risiti inayosomeka hana cha kushika mkononi siku ya ukaguzi.

Nimefanya kazi hii Mbeya kwa miaka mingi, na nimeona kwamba usumbufu mwingi unaotupata tarehe 18 na 19 ya mwezi huwa umeanza wiki kadhaa nyuma, siku risiti ilipoingia mlangoni ikawekwa kando. Kwa hiyo mpangilio ninaoueleza hapa una shabaha moja: kila risiti isomwe, inakiliwe na ipangwe siku ileile inapofika. Skana, printa, betri na hata makabati ya ofisi yanunuliwe na kutunzwa kwa ajili ya shabaha hiyo.

Kuipokea risiti

Inafaa kwanza kuijua karatasi yenyewe. Mashine ya EFD haitumii wino. Karatasi yake imepakwa kemikali inayogeuka nyeusi inapoguswa na joto la kichwa cha mashine, na kemikali hiyo haikomi kubadilika baada ya risiti kukatwa. Joto jingine lolote kali huifanya nyeusi, ilhali mwanga wa jua, mafuta ya mikono, gundi na plastiki laini huyafifisha maandishi. Ndiyo maana risiti zilizohifadhiwa kwenye mfuko wa rambo, au kwenye zile bahasha za plastiki zinazoonekana nadhifu machoni, huharibika mapema kuliko zilizotupwa tu ndani ya boksi la karatasi.

Mama mmoja anayefanya biashara ya mbao Mafinga, mtu makini kuliko wateja wangu wengi, alitaka risiti zake za dizeli zidumu, akazipeleka kwenye steshenari zikalaminishwe. Alipozitoa mezani kwangu zilikuwa nyeusi kutoka ukingo hadi ukingo, zinang'aa kama kaniki iliyopigwa pasi, na kilichosalia kusomeka kwenye ile ya juu kilikuwa nusu ya tarehe, kwenye kona ambayo mashine haikuikandamiza vizuri. Akaniuliza, "Sasa mwanangu, si nilikuwa nazitunza?" Nikamjibu, "Ulikuwa unazitunza, mama. Kosa ni langu, sikukueleza." Tulifuatilia kwa wauzaji mmoja mmoja, tukaambulia baadhi tu.

Tangu siku hiyo hakuna mteja mpya anayeondoka ofisini bila kuelezwa mambo matatu: risiti zikae kwenye bahasha ya kaki na si ya plastiki, bahasha iwe moja kwa kila mwezi, na isikae kwenye dashibodi wala karibu na moto. Hilo la moto si dogo kwetu. Juni na Julai, baridi inapokaza, zipo ofisi zinazoingiza jiko la mkaa chumbani na kuliweka chini ya meza ileile yenye makaratasi. Risiti zilizo karibu huanza kuiva rangi ya kijivu. Zaidi ya hayo, mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na imeshaua watu. Vaa sweta mbili, ulipashe chumba joto kwa njia nyingine, lakini jiko la mkaa libaki nje.

Risiti inapofika, isome kabla hujaiweka chini. Angalia tarehe, jina na TIN (namba ya mlipakodi) ya mnunuzi, na kiasi cha kodi. Risiti isiyo na TIN ya mnunuzi irudi kwa mteja siku hiyohiyo, maana muuzaji wa Kabwe aliyeuza betri ya lori juzi bado anamkumbuka mnunuzi, lakini baada ya miezi mitatu hatakumbuka. Kisha tazama chini ya risiti, ilipo namba ya uhakiki, na uinakili kwenye daftari pamoja na saa iliyoandikwa kwenye risiti. Namba hiyo na saa hiyo, zikiingizwa kwenye ukurasa wa uhakiki wa TRA, huifungua kumbukumbu ya mauzo hayo, hivyo hata karatasi ikifutika kabisa utabaki na njia ya kuirudia. Kati ya kazi zote za ofisi hii, sijaona nyingine inayochukua sekunde kumi na kuokoa kiasi hicho.

Risiti iliyokwisha kufifia usiikatie tamaa upesi. Iweke kwenye fotokopi, ongeza weusi hadi mwisho, au ipige picha kwa simu kwenye mwanga wa pembeni kisha ongeza ukolevu wa picha. Mara nyingi namba ya uhakiki huibuka hata kama majina hayasomeki. Usikubali ushauri wa kuipitisha pasi. Joto hilo halichagui kati ya herufi na karatasi.

Kuinakili

Kwa kazi ya risiti nunua skana ya kioo, ile ya kufunika kama fotokopi. Skana inayovuta karatasi yenyewe ni nzuri kwa mikataba na taarifa za benki, lakini risiti ni nyembamba, hujikunja, na mashine huimeza ikaitoa imekunjamana kama kitambaa. Kwenye kioo unaweza kupanga risiti sita au zaidi kwa mara moja, ukazifunika na karatasi nyeupe, ukashusha kifuniko polepole ili upepo usizipeperushe. Ubora wa nukta 300 kwa inchi unatosha. Zaidi ya hapo unajaza kompyuta bure.

Kabla ya kuweka chochote kwenye kioo, ng'oa pini zote kwa king'oleo chake na si kwa kucha wala kisu. Pini moja iliyosahaulika ilikikwaruza kioo changu mstari mwembamba usioonekana kwa macho, lakini kila ukurasa uliofuata ulikuwa na uzi mweusi uliopita juu ya safu ya tarakimu, na 3 iliyopitiwa na uzi huo husomeka kama 8. Niligundua baada ya jumla kukataa kulingana na daftari la mteja kwa siku mbili.

Faili la picha lipewe jina linaloanza na mwaka, kisha mwezi, kisha aina ya hati, ndani ya folda ya mteja yenye TIN yake, na kompyuta itazipanga yenyewe. Nakala ya pili ikae kwenye diski ya nje inayolala mahali pengine, si kwenye droo ya meza ileile yenye kompyuta. Flashi za wateja zina virusi vingi mno. Zipitishe kwenye programu ya ulinzi kabla ya kuzifungua, hata kama mteja ni ndugu yako. Karatasi halisi hazitupwi baada ya kunakiliwa, kwa kuwa sheria ya usimamizi wa kodi inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5. Zirudishe kwenye bahasha ya kaki, bahasha iingie kwenye boksi faili, na boksi likae kwenye rafu iliyoinuka kutoka sakafuni na iliyo mbali na ukuta wa nje, ambao kwetu hulowa wakati wa masika.

Printa na karatasi yenye unyevu

Anayefanya kazi Tukuyu, au Mbeya mjini kati ya Desemba na Aprili, ameshaona rimu ya karatasi iliyoachwa wazi usiku mmoja ikijikunja kingo kama jani la mgomba lililokauka. Karatasi imekunywa unyevu wa hewa. Ikipita kwenye printa ya leza, joto la mashine huutoa unyevu huo ghafla, karatasi inapinda, inakwama, au tona haishiki na maandishi yanafutika kwa kidole. Watu wengi humwita fundi, naye hulipwa kwa kosa la karatasi. Fungua rimu moja tu kwa wakati, weka kwenye trei karatasi za kutosha siku hiyo, na zilizobaki zirudi ndani ya karatasi ya rimu, iliyokunjwa vizuri, kabatini. Kabla ya kuzipanga kwenye trei zipepete ukingo ili zisishikane.

Karatasi ikikwama, zima mashine, fungua milango yote, kisha uivute kwa mikono miwili kufuata uelekeo ambao karatasi husafiri. Kuivuta kinyume hurarua, na kipande kidogo kinachobaki ndani ndicho kitakachokwamisha nyingine zote. Mipira inayovuta karatasi huteleza kwa vumbi la kiangazi. Ifute kwa kitambaa kilicholowa maji kidogo, na itashika tena. Tona inapoanza kufifia, itoe uitikise taratibu upande kwa upande, na utapata kurasa kadhaa za kumalizia kazi ya siku. Printa ya wino siipendekezi kwa ofisi ya aina yetu: kazi yetu huja kwa mawimbi, na wino ukikaa wiki mbili bila kutumika hukauka kwenye matundu.

Umeme na mtandao

Nyanda za juu zina radi kali, na umeme hukatika na kurudi kwa kishindo. Kompyuta ya mezani iunganishwe kwenye UPS, betri inayoshika umeme unapokatika, lakini uielewe kazi yake: inakupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima, si za kumalizia ritani. Printa ya leza isichomekwe humo kamwe, kwa sababu sehemu yake ya joto huvuta umeme mwingi kwa ghafla na huilemea UPS mara moja; nenda nayo ukutani kupitia stabilaiza, kifaa cha kusawazisha umeme. Mawingu yakifumba, chomoa kila kitu ukutani, pamoja na waya wa mtandao.

Kama unaanza leo na fedha ni kidogo, nunua kompyuta mpakato yenye betri nzima na betri ndogo ya kuendeshea ruta, kabla ya kufikiria jenereta. Vitu hivyo viwili, pamoja na simu yenye laini za mitandao miwili tofauti kwa ajili ya intaneti ya dharura, vinatosha kuwasilisha ritani gizani.

Tarehe, na simu ya mteja

Kodi ya mishahara hutakiwa ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata, na ritani ya VAT tarehe 20. Malipo ya awali ya kodi ya mapato, kwa anayefunga hesabu Desemba, huangukia mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, na ritani ya mwaka hutakiwa ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa hesabu kwisha. Kwa mteja huyo ina maana kwamba tarehe 30 Juni hukutana na ritani ya mwaka na awamu ya pili kwa pamoja, katika siku za baridi kali kuliko zote za mwaka wetu. Andika ukutani tarehe zako mwenyewe, zilizotangulia hizo: mimi hupokea bahasha za mwezi hadi tarehe 10 na huwasilisha VAT tarehe 15. Zile siku tano zilizobaki ni za umeme, za printa na za mteja aliyesahau bahasha moja nyumbani.

Liko jambo jingine ambalo halihusu mashine ya ofisi hata kidogo, nalo hukwamisha kazi kuliko printa. Mteja alisajiliwa kwenye mfumo wa TRA kwa laini ya simu ambayo alikwisha kuitupa, au simu iko kwa kijana wake Tunduma, au baruapepe ilifunguliwa na mtu wa steshenari ambaye hajulikani alikokwenda. Ukihitaji kurejesha nywila, ujumbe unakwenda huko. Siku ya kwanza ya kumpokea mteja, kabla hata ya kuzungumza bei, hakikisha kwamba simu na baruapepe zilizo kwenye kumbukumbu zake ni zake na anazishika, na kama sivyo mpeleke akazibadilishe akiwa na kitambulisho chake. Nywila iandikwe kwenye karatasi inayofungwa kwenye bahasha na kukaa kwenye kabati lenye kufuli. Isibandikwe kwenye kioo cha kompyuta, ambako kila anayekuja kupiga fotokopi ataisoma.

Mteja anapoleta bahasha ya mwezi uliopita, ihesabu mbele yake, andika kwenye daftari la mapokezi idadi ya risiti, naye atie sahihi. Kisha mpe palepale bahasha tupu ya mwezi unaoanza, ikiwa imekwisha kuandikwa jina lake, mwezi na TIN kwa kalamu nzito.